Hadithi Aliyoisoma Bernado

Bernado Masatu alirudi Musoma mwezi wa tano mwaka 1994, baada ya miaka kumi, kwa basi lililotoka Nairobi kupitia Sirari. Dada yake Hyasinta alikuwa stendi tangu saa nne asubuhi. Abiria walipoanza kushuka alimtafuta kijana mwenye kifua kipana na shingo nene, kama alivyomwona mara ya mwisho. Hakumwona. Mwanaume mmoja aliyesinyaa mabega, miguu imevimba ndani ya viatu vya turubai, akaja akasimama mbele yake akiwa amekumbatia kitu kilichoviringishwa kwenye blanketi.

"Dada," akasema. "Umenisahau."

Hyasinta akacheka kwa aibu, akamshika mikono yote miwili, na moyoni akajua kwamba huyu mtu hakuja kutembea.

Ndani ya blanketi mlikuwa na televisheni ndogo, isiyozidi ukubwa wa debe. Zaidi ya hiyo alikuwa na sanduku la nguo na boksi moja lililofungwa kwa kamba. Majirani wa Hyasinta pale Mukendo waliokuja kumpokea jioni ile walikunywa soda, wakatazama pembe zote za chumba wakitafuta mizigo mingine, wakaaga.

Alipoondoka mwaka 1984, maduka ya Musoma yalikuwa rafu tupu na foleni ndefu nje. Sabuni ilikatwa vipande, sukari ilitoka kwa kibali. Hyasinta, wakati huo karani wa ushirika wa pamba kule Bunda, alizunguka siku tatu akitafuta sanduku la kumfungia mdogo wake safari, akalikosa, akamshonea mfuko kwa gunia la pamba. Serikali ilikuwa imempeleka Japani kusomea injini za boti za uvuvi kwa miaka miwili. Miwili ikaisha, akaandika kwamba amepata kazi kwenye karakana ya boti, atakaa kidogo. Barua zilikuja kila mwezi, kisha mara moja kwa mwaka, kisha ikawa kadi tu ya Krismasi yenye picha ya theluji. Sasa alikuwa amerudi mahali ambapo kila kitu kilikuwepo. Sabuni za aina kumi, redio, baiskeli, nguo za Ulaya zimerundikwa chini sokoni. Dada yake naye alikuwa mmoja wa wauzaji hao, maana ushirika ulipopunguza watu alikuwa katika kundi la kwanza, na tangu hapo aliuza mashuka ya mitumba.

Walikuwa wawili tu kwa mama yao. Mama yao, Selestina, aliishi kijijini, huko rasini Majita, na mihogo yake na kanisa lake. Hyasinta aliolewa akakaa kwa mume miaka kumi na miwili bila kushika mimba, mwisho mume akaleta mwanamke mwingine, naye akaondoka na nguo zake. Kwa hiyo mama yao alikuwa amebaki na tumaini moja, na tumaini hilo lilikuwa Japani.

"Umeoa huko?" lilikuwa swali la kwanza la mama yule alipokuja mjini kumwona mwanawe.

"Bado, Mama," Bernado akajibu, akainama kuvua viatu.

Hospitalini daktari alisikiliza kifua chake kwa muda mrefu, akamwambia moyo umepanuka. Bernado akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesomewa barua aliyokwisha kuisoma. Akapewa vidonge vya kupunguza maji mwilini, akaambiwa aache chumvi na asibebe kitu chochote. Hakuweza kulala chali, pumzi ilikata. Alilala amekaa kwenye kiti cha mikono, mito mitatu mgongoni. Jirani yao Nyangi, mwanamke mwema lakini asiyejua kufunga mdomo, alimvuta Hyasinta pembeni ya bomba la maji.

"Watu wanasema ni ule ugonjwa."

"Ni moyo," Hyasinta akasema.

"Mimi nawaambiaga hivyohivyo. Hawasikii."

Wiki ya pili Bernado aliomba boksi lifunguliwe. Ndani yake mlikuwa na kisanduku kizito cha kupunguza umeme, kwa kuwa umeme wa Japani ni mdogo kuliko wetu, na mashine nyeupe yenye doa la chai ambayo ilichomekwa kwenye televisheni. Juu yake alipachika kaseti moja ya plastiki ya bluu. Mgongoni mwa kaseti kulikuwa na alama za kalamu nzito ya wino, ambazo Hyasinta alidhani ni za dukani.

"Ni gemu," Bernado akaeleza. "Kuna katuni moja kule, imeanza kuonyeshwa kabla sijafika, na nimeondoka bado inaendelea. Kila mtoto anaijua. Hii ni gemu yake. Siyo ya kukimbia na kuruka tu. Ina hadithi. Watu wanasema maneno, na usipoyasoma hujui uende wapi."

Hyasinta alicheka. Alikuwa na miaka thelathini na sita, na alikuwa ameona mashine kama hizo mara moja tu, dukani kwa Mhindi, zikichezwa na watoto. Lakini mdogo wake alikuwa amekaa ndani siku kumi akitazama ukuta, na hiki kilikuwa kitu cha kwanza alichokitaka. Akaburuta kigoda, akakaa.

Kijana wa kwenye gemu alikuwa na shati jekundu na nyundo ndefu mgongoni. Alitembea kwenye ukungu, na majitu ya chuma yakamtokea, akayapiga. Kila baada ya mapigano picha ilisimama na maandishi yakajitokeza chini, mstari mmoja mmoja, na Bernado akasoma kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayetafuta neno linalofaa.

"Anaitwa Tetsu. Ni fundi chuma. Alikuja bandari hii akiwa mgeni, hajui hata kuomba maji kwa lugha yao. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza supu ya samaki akamwonyesha kwa kidole: haya ni maji, hii ni chumvi, huyu ni mimi."

"Wakaoana?"

"Ngoja. Bado hatujafika huko."

Baada ya siku chache tu mikono yake ikaanza kutetemeka, akampa dada yake kile kishikio chenye vitufe. Tangu hapo Hyasinta ndiye aliyepiga majitu, na Bernado ndiye aliyesoma. Mwanzo Tetsu alikufa mara ishirini kwa siku moja. Alitumbukia shimoni, akapondwa, akaungua. "Dada, kuna kitufe cha kukinga," Bernado alimwambia, na Hyasinta akamjibu kwamba mtu mwenye nyundo kubwa namna ile hana haja ya kujikinga. Alimsikia mdogo wake akicheka, kicheko kilichoishia kwenye kikohozi, akaona ni afadhali kufa mara ishirini.

Ulikuwa mwaka wa mgao. Umeme ulikuja leo, kesho ukakatwa. Siku za umeme Hyasinta alifunga biashara saa nane mchana, akapitia feri kununua samaki. Bernado aliomba furu, wale samaki wadogo wa utotoni ambao mama yao aliwakausha juu ya mwamba. Furu hawakuwepo tena, sangara alikuwa amewamaliza. Akanunua sato, akampikia bila chumvi, kisha wakawasha mashine.

Kumbukumbu haikukaa ndani ya ile mashine. Kila walipoacha, ilionyesha herufi ishirini za Kijapani, na Bernado alizinakili kwenye daftari la shule lenye jalada la kijani. Siku iliyofuata zilipangwa safu za herufi kwenye kioo, ukachagua moja moja kama ulivyoandika, na Tetsu akaamka palepale mlipomwacha. Ukikosea hata moja, mashine ililia mlio mmoja mfupi na kukataa. Hyasinta alijifunza kuzitambua kwa umbo. Hii ni ndoano. Hii ni mtu aliyeinama. Hii ni kuku ananywa maji.

Hadithi ikaendelea mwezi wa sita na wa saba. Tetsu na muuza supu walipata mtoto wa kike. Alikuwa akitokea kwenye gemu mara kwa mara, kitoto chenye kofia ya njano, kimesimama njia panda, na kila kilipotokea Bernado alisoma kwa sauti nyingine.

"Anaitwa Emi. Anasema hapendi karoti. Anasema baba yake anaongea vibaya, wenzake shuleni wanamcheka, lakini yeye amewaambia kwamba baba yake anaongea lugha tatu na wao wana moja."

"Mtoto ana akili," Hyasinta akasema.

"Sana."

Akawa anamngoja yule mtoto. Sokoni, akikunja mashuka, alijikuta akifikiri leo Emi atasema nini. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani kwamba mwanamke mzima anakimbia nyumbani kusikia habari za mtoto wa kwenye televisheni?

Mwezi wa tisa, siku ya Jumatano, walifika kwenye daraja la chuma. Hyasinta alikuwa amelipigania siku tatu. Jitu la mwisho lilipoanguka, picha ikasimama. Upande huu Tetsu, upande ule kofia ya njano. Maandishi yakaja.

Bernado alichelewa kusoma.

"Emi anasema, Baba, nikitaka kukuona nikungoje wapi?"

"Naye anamjibu nini?"

"Hajibu. Anapanda meli."

Hyasinta aligeuka. "Meli ya kwenda wapi?"

"Kwao. Anaumwa, dada. Ameambiwa hatapona, na kazi ameshindwa, na ruhusa ya kukaa imekwisha. Hataki mtoto amwone akiisha kidogo kidogo. Anaona ni afadhali amkumbuke mzima."

"Na mama wa mtoto amesemaje?"

"Amesema akiondoka asirudi."

Hyasinta akaweka kishikio chini. Hasira iliyompanda hakujua ilikotoka. "Mimi miaka kumi na miwili nilipiga magoti. Nimekunywa dawa za miti, nimekwenda mpaka Tarime kuombewa. Huyu amepewa mtoto, tena mwenye akili, anamwacha darajani kama mzigo. Mwanaume wa namna hii akifa asitafute wa kumlilia."

Bernado alitazama kioo.

"Zima, dada," akasema baadaye. "Nimechoka."

Tangu siku ile alisoma kwa kifupi. "Anasema nenda kushoto." "Anasema kuna adui." Hyasinta alipouliza habari za Emi, alijibu kwamba mtoto hatokei sehemu hizi. Alidhani ni ugonjwa. Miguu ilikuwa imevimba mpaka magotini, na midomo ilianza kuwa ya bluu. Lakini kila siku, hata siku zisizo na umeme, alimkuta na daftari mapajani, anaandika. Alipomuuliza anaandika nini na mashine imezimwa, alisema anaweka sawa zile herufi, zisije zikapotea.

Alikufa Alhamisi moja ya mwezi wa kumi, saa tisa mchana, siku ya mgao. Nyangi ndiye aliyemfuata Hyasinta sokoni. Hakusema neno njia nzima, na kwa kunyamaza kwake Hyasinta akajua.

Walimzika kijijini, karibu na baba yake. Wasifu wa marehemu aliuandika Hyasinta mwenyewe, kwa kuwa ndiye mwenye mwandiko mzuri, na katekista Pastory akausoma mbele ya watu. Alizaliwa mwaka fulani, alisoma shule fulani, alikwenda Japani kwa masomo. Pastory akashusha sauti akasoma mstari wa mwisho. Marehemu hakubahatika kuoa wala kupata mtoto. Mama yao alikuwa amekaa kwenye mkeka kati ya wanawake. Aliposikia maneno yale alijifunika kitenge usoni, na hakukiondoa mpaka kaburi lilipofukiwa.

Krismasi ilipopita, Hyasinta aliwasha tena ile mashine. Hakutaka kucheza hasa. Alitaka kukaa pale walipokaa. Akafungua daftari la kijani, akaenda ukurasa wa mwisho ulioandikwa, akaanza kuchagua herufi. Ndoano, mtu aliyeinama, kuku. Mashine ikalia na kukataa.

Akajaribu ishirini nyingine. Ikakataa. Kurasa za mwisho zilikuwa na maandishi mengi kuliko zile za mwanzo, yamejaa mistari yote, naye alifikiri ni kwa sababu gemu imekuwa ngumu, sasa inataka maneno marefu. Alianza juu, akashuka ishirini ishirini. Alifanya hivyo wiki tatu, kila siku ya umeme, kwa uvumilivu uleule aliohesabia magunia ya pamba zamani. Alibadilisha mpangilio. Alidhani mkono wa mgonjwa ulitetemeka, herufi moja ikafanana na nyingine, akajaribu na ile nyingine. Mlio ulikuwa uleule. Angeweza kurudi kwenye kurasa za mwanzo, kwenye herufi alizokwisha kuzitumia, lakini hakutaka kurudi nyuma. Alitaka kuanzia pale mkono wa Bernado ulipoishia.

Siku moja ya Jumanne alipeleka mashuka Bunda, sokoni. Hapo ndipo alipomwona msichana wa Kijapani anachagua sufuria, anabishana bei kwa Kiswahili cha kunyoosha maneno. Wauzaji walimjua. Walisema ni mwalimu wa kujitolea, anafundisha hesabu sekondari moja upande wa Butiama. Hyasinta aliacha mashuka yake kwa mwenzake, akamfuata mpaka alipomfikia.

"Samahani, mwalimu. Mdogo wangu alikuwa kwenu. Ameniachia maandishi, nashindwa kuyaingiza kwenye mashine."

Msichana alisikiliza kwa makini, kichwa ameinamisha. Alisema jina lake ni Fumie. Alisema Jumamosi hana vipindi.

Jumamosi ile Hyasinta akaenda Butiama na daftari na kaseti ya bluu kwenye mkoba. Fumie alikaa nyumba ya walimu, chumba safi chenye meza moja. Alipoiona kaseti alitabasamu. "Hii! Mimi nilicheza hii nikiwa mdogo." Kisha akaigeuza, akasoma zile alama za kalamu nzito. "Kumbe ni ya mtoto. Ameandika jina, asiibiwe shuleni. Emi, darasa la pili."

Hyasinta alidhani hakusikia vizuri. "Emi ni yule mtoto wa kwenye gemu."

"Kwenye gemu? Hapana. Hakuna Emi."

"Mwenye kofia ya njano. Mtoto wa Tetsu."

Fumie alifikiri. "Mwenye kofia ya njano ni roho ya mvua. Anamwonya kijana kwamba daraja litavunjika. Na yule kijana hana mtoto. Yeye mwenyewe ni mtoto, ana miaka kumi na tano. Anatafuta mwalimu wake." Akaona uso wa mgeni wake. "Mama, kaa kwanza."

Hyasinta alikuwa tayari amekaa. Akamsukumia daftari. Fumie akafungua kurasa za mwanzo, akasema hizi ni herufi za kuendelea, sawa kabisa. Akafungua za mwisho. Akasoma mstari mmoja, miwili, akaweka mkono juu ya ukurasa kama anaufunika.

"Hii siyo ya mashine," akasema. "Hii ni barua. Ameandika kwa herufi nyepesi, zile wanazoanza nazo watoto, ndizo hizohizo zinazotumika kwenye gemu. Ni barua kwa Emi. Nikusomee?"

Akasoma polepole, akisimama kutafuta maneno.

"Emi, baba amefika. Huku kuna ziwa kubwa kama bahari lakini maji yake hayana chumvi. Asante kwa kuniazima gemu yako. Shangazi yako ndiye anayeicheza. Anacheza vibaya kuliko wewe, hataki kujikinga. Unafanana naye paji la uso. Emi, baba hatarudi, kama mama alivyokwambia. Mama hana kosa. Shangazi yako bado hajui habari zako. Nilijaribu kumwambia tulipofika kwenye daraja la gemu. Alikasirika. Nitajaribu siku nyingine, pumzi ikiwa nzuri. Akijua atakupenda, maana tayari anakupenda, kila siku ananiuliza umesema nini. Kula karoti. Ukitaka kuniona"

Fumie akageuza ukurasa. "Inaishia hapo."

Hyasinta hakulia pale. Aliomba maji, akaletewa, akanywa. Wiki tatu alikuwa ameiandika barua hii herufi kwa herufi kwenye kioo, kwa mkono wake mwenyewe, na kila mara mashine ilimkatalia. Lakini hilo silo lililomuumiza. Alikuwa akiyasikia maneno yake ya Jumatano ile, kwa sauti yake mwenyewe, chumba kilekile, na mdogo wake amekaa nyuma yake na mito mitatu mgongoni.

"Nilimwambia asitafute wa kumlilia," akasema.

Fumie akamshika mkono, wakakaa hivyo mpaka mwanafunzi alipobisha hodi kuleta madaftari.

Kesho yake, baada ya ibada, Hyasinta alikwenda kijijini. Mama yake alikuwa anaanika mihogo juu ya mwamba. Alimwambia yote bila kupunguza, hata yale maneno aliyoyasema. Mama Selestina aliendelea kutandaza vipande vya mihogo kimoja kimoja. Alipomaliza ungo mzima ndipo aliposimama.

"Ana miaka mingapi?"

"Minane. Labda tisa sasa."

"Kwa hiyo anajua kusoma."

"Anajua."

"Mwandikieni." Kisha akakaa chini, pale pale juu ya mwamba, akamlilia mwanawe kwa mara ya pili. Safari hii alimlilia kwa sauti, na Hyasinta akakaa kando yake, naye akalia.

Waliandika pamoja na Fumie. Bernado alikuwa na kitambulisho cha ile karakana ya boti katika mfuko wa koti, chenye anwani, na Fumie akasema wenye karakana watajua pa kuipeleka. Ndani ya kifurushi waliweka barua ya baba, waliyoikata kutoka kwenye daftari, na barua ya shangazi, na kaseti ya bluu, kwa kuwa ilikuwa mali ya mtoto. Kabla ya kukifunga, Fumie aliuliza kama wacheze mara moja, amsomee hadithi yenyewe ilivyo mpaka mwisho. Hyasinta alikubali. Jumamosi moja Fumie akaja Mukendo, wakaingiza herufi ishirini za ukurasa wa mwisho uliokuwa wa mashine, Tetsu akaamka. Fumie akasoma kwamba kijana anamtafuta mwalimu wake, na majitu yanatumwa na mfalme wa ukungu. Hyasinta alisikiliza kwa adabu. Baada ya robo saa akasema inatosha, akaizima mwenyewe.

Jibu lilifika mwezi wa saba mwaka 1995, karatasi moja. Fumie alikuwa ameandika Kiswahili chake kwa penseli chini ya kila mstari. Hyasinta aliisoma mara ya kwanza stendi, mara ya pili njiani, na alipofika kijijini alimkuta mama yake amekwisha kukaa, mikono mapajani, anangoja. Njia nzima alikuwa akijua kwamba angeweza kumsomea mama yule chochote alichotaka. Akasoma kilichoandikwa.

"Nimepokea kifurushi. Nashukuru kwa kunijulisha. Sikujua kwamba alikuwa amefika salama, wala kwamba amekufa. Nilimwambia maneno mabaya siku ya mwisho. Emi bado hajaambiwa. Gemu nimempa, barua nimeiweka. Nitampa nitakapoona anaweza kuibeba. Naomba msiandike tena mpaka yeye mwenyewe awaandikie. Naomba mnisamehe."

"Imeisha?"

"Imeisha, Mama."

Watu walipita njiani kwenda kuteka maji, wakasalimia, Mama Selestina akawaitikia mmoja mmoja.

"Hakukataa," akasema mwisho. "Amesema tungoje."

"Inaweza kuwa miaka, Mama."

"Najua." Akanyoosha mkono, apewe ile karatasi. Hakujua Kijapani, wala hakuweza kusoma Kiswahili cha penseli bila miwani, lakini aliikunja vizuri, akaiingiza kwenye kitabu chake cha sala. Halafu akamwambia binti yake aangalie mawingu upande wa ziwa, waanue mihogo kabla mvua haijawakuta, naye Hyasinta akavua viatu, akapanda mwambani.